Sakafu ya Kwanza ya Mbao Kule Myanga

Enzi zetu, ndugu zangu mliozaliwa kabla ya sakafu za vigae, ukitaka kujua kama leo ni Ijumaa ulinusa tu mikono ya wasichana. Ijumaa ilikuwa siku ya kusiriba nyumba. Kabla jua halijapata nguvu, wasichana wa Myanga yote tulikuwa zizini na vikapu, tunagombania mavi ya ng'ombe yakiwa bado yanafuka moshi. Usicheke. Kulikuwa na mavi mazuri na mavi mabaya. Ya ndama yalikuwa mepesi mno, ya fahali yalijaa nyuzi kama kamba ya katani, lakini ya ng'ombe jike aliyelishwa nyasi za mtoni, hayo yalikuwa siagi. Kwa ajili ya siagi hiyo niliwahi kumsukuma binamu yangu akaketi ndani yake na gauni lake la kanisa. Vijana wa leo ukiwasimulia haya wanashika pua, na hali wao wenyewe wana siku tatu hawajaoga kwa sababu ati maji ya bomba ni baridi.

Bingwa wa kusiriba alikuwa mama mzazi wa baba yangu, Kukhu, kama sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Sisemi bingwa wa kijiji. Nasema kutoka Myanga ukienda mpaka Suam, ukavuka Uganda ukauliza huko pia, usingepata mwanamke wa kumkaribia. Alichanganya mavi na majivu ya maganda ya maharagwe na udongo laini wa kichuguu. Kisha alipiga magoti kwenye ukuta wa mwisho, akawa anarudi kinyumenyume huku kiganja chake kikichora nusu duara, nusu duara, kama magamba ya samaki, na gamba la mwisho lilimalizikia mlangoni bila alama hata moja ya goti. Ikikauka ungeweza kula ugali wa wimbi juu yake. Mimi niliula, kila bonge liliponiponyoka, na bado niko hapa nawaandikia. Wageni walikuwa wanasimama mlangoni kwanza, wanatazama chini, wanaona haya kukanyaga. Kukiwa na harusi, watu walikuja kumwomba siku saba kabla, kama vile leo mnavyoomba hema na viti.

Alianza kunifunza nikiwa na miaka sita. "Usisukume, Nekesa! Vuta. Unasukuma kama unafukuza mbuzi wa watu." Nikikosea alinigonga kichwani na kidole kimoja kikavu, tena kwa upendo, lakini kidole chenyewe kilikuwa kama nyundo. Nilipofika miaka kumi niliweza kusiriba chumba kizima peke yangu, naye akasimama mlangoni akasema, "Mh." Nyinyi mliopata vyeti vya chuo kikuu hamjui raha ya kupewa "Mh" na Kukhu.

Sasa baba yangu, Wafula, alikuwa amerudi kutoka vita vya dunia kule Bama na koti la kijani na kiu ya mambo makubwa. Alipata kazi Kitale, akimsaidia fundi mmoja Mhindi kuweka sakafu za mbao kwenye nyumba za masetla. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani kwa baiskeli, na kabla hajapoa jasho alikuwa amekwisha anza. "Mbao zinaumana kama meno! Ukitembea na viatu, ko, ko, ko! Hata maskini anasikika kama Bwana DC." Sisi tuliokuwa hatuna viatu tulimsikiliza tukiwa tumekodoa macho. Mwaka uliofuata akajenga nyumba ya matofali na mabati, akatangaza kwamba nyumba hiyo itakuwa na sakafu ya mbao, ya kwanza Myanga, na kama hukuamini ukaulize Bungoma nzima.

Mbao zilishuka kutoka mlimani kwa gari la ng'ombe. Zilikuwa za loliondo, mti mgumu ule wa Mlima Elgon, nyekundunyekundu na michirizi myeusi, ambazo kiwanda kilizikataa kwa sababu zina vifundo. Kwetu vifundo vilikuwa urembo. Kila ubao ulichongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na ulimi ukaingia ndani ya mfereji wa mwenzake. Baba alipanga maboriti juu ya mawe, akaanza kugongelea. Kwa vile mbao nyingine zilikuwa zimepinda, zilihitaji uzito wa kuzilaza, na uzito wenyewe tulikuwa mimi na Kukhu. Aliniambia kaa hapa, akamwambia mama yake kaa pale, akagonga msumari, halafu tukasogea kama kuku watagao.

"Wafula," Kukhu akauliza siku ya pili, "kwa hiyo kazi yangu kwenye nyumba hii sasa ni makalio tu?"

"Ni makalio ya maana sana, Mayi," Baba akajibu, misumari mdomoni. Mayi ndiyo mama kwetu. Tulicheka mpaka ubao ukaruka.

Alipofika ukutani Baba alisimama akatufundisha. "Yule Mhindi anaacha nafasi ya kidole kati ya mbao na ukuta, halafu anaificha na ubao mwembamba. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia weka tu, weka tu. Ni uvivu wa kupima! Yangu mimi itabana kama soksi." Basi akakata ubao wa mwisho mkubwa kidogo kuliko nafasi, akaupiga nyundo hadi vumbi la matofali likaanguka. Majirani waliokuwa madirishani wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono iliniuma kwa kupiga makofi.

Kisha Baba akamgeukia mama yake. "Hii haisiribwi, Mayi. Mavi ya ng'ombe hayatavuka kizingiti hiki tena. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

"Nipumzike nimeugua nini?" Kukhu akasema. Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho nilichokumbuka. Uso wake nilikuja kuukumbuka baadaye sana.

Akahamia jikoni. Jiko letu lilikuwa nje, la udongo, na huko akasiriba Jumatatu, akasiriba Jumatano, akasiriba Ijumaa, hata mama yangu akadai sakafu imepanda mpaka anagonga kichwa kwenye paa. Katika nyumba kubwa Kukhu aliingia kulala tu, akitembea ukingoni karibu na ukuta kama mtu anayevuka shamba la jirani. Hakuna mtu aliyekuja kumwomba tena kwa harusi. Walisema, mwanawe ni mtu wa mbao, tutamsumbuaje na ng'ombe?

Ikaja Januari, ikaja Februari, na jua la miezi hiyo mnalijua. Mbao zikanywea. Kwanza ufa wa kuingiza ukucha, halafu ufa wa kuingiza sarafu, halafu wimbi ikimwagika inashuka yote chini na kuku wanaingia chini ya nyumba kuila. Upepo ulipanda kutoka huko ukatupuliza miguu. Wanawake wa jirani walioona wivu tangu siku ya makofi sasa walipata la kusema. Nilikuwa kisimani mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia, "Nyumba ya Wafula imeng'oka meno! Ina mapengo kuliko babu yangu!" Wakacheka wakashikana. Na Baba alikuwa amekwisha waalika mwalimu wa kanisa na wazee waje kuiombea nyumba Aprili.

Jamani, niliona aibu ya Baba ikija na sina mtu wa kumwambia. Yeye alikuwa Kitale. Mama alikuwa sokoni na viazi vitamu. Kukhu alikuwa ameenda matanga upande wa Bungoma kwa siku nne. Nami nilijua kitu kimoja tu duniani, tena nilikijua vizuri. Nikaenda zizini. Nikachagua ile siagi. Nikachanganya majivu na udongo wa kichuguu, nikapiga magoti ukuta wa mwisho, nikaanza kujaza nyufa kwa vidole viwili, nikivuta bila kusukuma, ufa kwa ufa, halafu nikafuta mbao kwa kitambaa zikabaki safi. Nilimaliza jua likielekea kuchwa. Nyumba ilikuwa imezibika kama chungu. Nilijiona fundi kuliko Mhindi na Baba na Wazungu wote wa Kitale wakiunganishwa.

Kukhu aliporudi alisimama mlangoni akanusa. Pua ile haikudanganywa. Akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya ufa mmoja, akanitazama.

"Umepunguza majivu," akasema.

Nikangoja kidole cha kichwa. Badala yake akacheka polepole, mabega yakitikisika, mara ya kwanza tangu mbao ziingie. Wala hakumwambia mtu.

Mvua za Machi zilikuja kama zimetumwa. Mvua za enzi zile si hizi za siku hizi zinazotangazwa kwenye simu halafu zinapita zikienda kwa watu wengine. Ilinyesha hadi vyura wakaomba ipungue. Na mbao zikaanza kunywa unyevu ule. Mwanzoni tulisikia milio midogo, tik, tik. Halafu katikati ya sebule pakainuka kidogo, kama mgongo wa paka. Mama akaweka meza hapo. Meza ikaanza kuyumba.

Jumapili ya maombi Baba alifika na suti, na viatu vya kupiga ko, ko, ko. Wazee waliingia, mwalimu wa kanisa akapewa kiti cha mbele, chai ikamiminwa. Katikati ya sala, wakati mwalimu anamshukuru Mungu kwa msingi imara, paa! Mlio kama wa bunduki. Ubao ukang'oka na misumari yake, mwingine ukafuata, na sakafu ikasimama katikati ya chumba kama kichuguu. Mwalimu na kiti chake walianguka kinyumenyume, na chai ya mzee mmoja ikamwagika mapajani. Mzee yule aliruka, naapa, akagusa mabati.

Ingekuwa ya kuchekesha, na kwa miaka mingi nimeisimulia harusini kama kichekesho, nikiishia hapo.

Baba alipiga magoti na suti yake. Akaingiza kisu kwenye ufa, kikatoka na tope kavu la kijani. Akanusa. Akainuka taratibu, kisu mkononi.

"Mayi. Nilikukataza."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika, hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa pale, maneno yalikuwa pale. Nikamwangalia Kukhu naye ananiangalia, na nasema kweli, alinipa nafasi. Hakukimbilia kujibu. Alikaa kimya muda mrefu wa kutosha mtoto yeyote kusema neno moja. Mimi niliangalia birika.

Ndipo akasema, "Mwanangu, mambo ya mavi ya ng'ombe katika boma hili ni yangu. Usitafute mtu mwingine."

"Mbele ya wageni!" Baba akapaza sauti. "Umeniharibia nyumba mbele ya wageni! Basi wewe na mavi yako tafuteni nyumba yenu!"

Hakuna mzee aliyemkanya. Labda walishtuka, labda walikuwa bado wanajipangusa chai. Kukhu alichukua vikombe vilivyoanguka akavipeleka jikoni, akaviosha vyote, akavipanga.

Jumatatu Baba alirudi Kitale kabla hatujaamka. Jumanne Kukhu alifunga nguo zake ndani ya kanga akasema anaenda kwa ndugu yake, juu kule njia ya Kapsokwony. Mama alilia akamshika mkono. Kwetu mama mzee hukaa katika boma la mwanawe. Akirudi kwa kaka yake ni kama msichana aliyeachika, na watu humtazama hivyo hivyo, hata kama ana mvi za kujaza kapu. Yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.

Nilimsindikiza hadi njia panda. Nilimbebea mzigo, na njia nzima nikijiambia, kwenye ule mti nitasema, kisha nirudi mbio nimwambie Mama. Kwenye mti nikasema, kwenye daraja. Yeye alizungumza mambo ya kawaida, kwamba ng'ombe mwekundu karibu atazaa, kwamba pale karibu na mafiga nisisiribe haraka haraka, niache pakauke mara mbili. Njia panda akachukua mzigo akauweka kichwani.

"Kukhu, utarudi lini?"

"Niitwe tu," akasema.

Akaenda. Alitembea upesi kwa mtu wa umri wake. Hakugeuka, nami nilisimama pale mpaka mtu wa baiskeli akanipigia kengele niondoke njiani.

Niitwe tu. Maneno mawili, ndugu zangu. Na wa kumwita alikuwa Baba, na wa kumfanya Baba amwite nilikuwa mimi. Kila mwisho wa mwezi aliporudi nilijipanga kusema. Mwezi wa kwanza alikuwa na hasira, aking'oa mbao zile moja moja. Mwezi wa pili alikuwa na homa. Mwezi wa tatu alicheka vizuri mezani nikaona nisimharibie chakula. Nikasema basi, Krismasi, akikaa siku nyingi. Niliyafanyia mazoezi maneno yangu zizini, mbele ya ng'ombe, na ng'ombe walinielewa vizuri sana. Novemba, kwenye baridi ya mlimani, kifua kilimbana Kukhu. Walipoleta habari alikuwa amekwisha fariki siku mbili. Baba alimzika nyumbani, kando ya babu, na siku ya mazishi sebule yetu ilikuwa ya udongo mtupu, haijasiribwa, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki ninayejua na mikono yangu ilikataa.

Nikakua, nikaolewa Kitale, nikazaa. Watoto wangu walipoanza kunizidi kusoma barua nikajiandikisha ngumbaru, shule ya watu wazima, na huko nilikuwa hodari, msione hivi. Darasani nilikaa benchi moja na mzee fundi seremala, mtu wa mzaha. Siku moja, kabla mwalimu hajafika, nikamsimulia kichekesho changu cha nyufa zilizozibwa kwa mavi na mwalimu wa kanisa na kiti. Akacheka hadi akatoa leso. Halafu akauliza, "Kando ya ukuta baba yako aliacha nafasi kiasi gani?"

Nikasema hakuacha, alibana kama soksi.

"Aa, basi mama, hata mngeweka dhahabu kwenye hizo nyufa ingeinuka tu. Mbao ikinywa maji inapanuka, na ukuta hausogei. Itaenda wapi? Si itaenda juu."

Mwalimu aliingia akaandika ubaoni, lakini siku hiyo sikunakili hata herufi moja.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Myanga. Baba alikuwa mzee sasa, ameketi barazani na lile koti la kijani ambalo rangi ilikuwa imelitoroka. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikasema yote bila kupumua: nyufa, mimi, birika, na maneno ya yule seremala. Niliposimama kuvuta pumzi alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua ni mimi?"

"Wewe? Hapana. Nilijua si mavi ya ng'ombe. Jumatatu ile ile, Kitale, nilimweleza Mhindi. Alinicheka mbele ya vibarua wote. Akanionyesha ile nafasi ya kidole kando ya ukuta, akasema, Wafula, hii nafasi ndiyo nyumba yenyewe."

"Jumatatu? Kukhu aliondoka Jumanne!"

"Sikujua ataondoka."

"Na ulipojua?"

Baba alivuta koti. "Nilikuwa nimemfokea mbele ya watu. Ningeenda kumwambia nini, kwamba kosa ni langu? Nikasema, kazi ya mwezi huu iishe kwanza. Halafu mwezi mwingine." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua tangu siku ya kwanza."

Akafunika uso na kofia yake. Nami nilikaa karibu naye kwenye ngazi, mama wa watoto watano. Yeye alikuwa na ukweli wake Kitale, mimi nilikuwa na wangu Myanga, na mmojawapo tu ungetosha kumshusha mwanamke yule kutoka mlimani.

Sisi wa zamani tunapenda kujisifu kwa heshima, na nitajisifu nami mpaka nife. Tulisalimu kwa magoti. Hatukumtazama mkubwa machoni, hatukujibizana, hatukumwambia mzazi amekosea, na mzazi hakumwambia mtoto wala mama yake kwamba yeye mwenyewe amekosa. Tuliheshimiana sana, bana, hata neno dogo la kuombana msamaha likakosa mlango wa kupitia. Vijana wa leo hawana haya hata kidogo. Wanakusalimu "niaje" wakiwa wamelala, wanatembea na viatu kitandani, sakafu yao inang'aa nao hawajui hata ufagio unashikwa upande gani.

Lakini juzi mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa anateleza na soksi sebuleni kwangu, akagonga kabati, na bakuli langu la harusi likaanguka. Vipande vilikuwa bado vinazunguka sakafuni alipopaza sauti kutoka huko huko aliko, "Ni mimi! Ni mimi nimelivunja, pole!" Mama yake alitoka jikoni na mwiko tayari kumchapa. Nilimshika mkono, nikamwomba aondoke kidogo, anipishe. Nilitaka kukaa na mtoto huyo.